Upande wa Jua

Kitu cha kwanza nilichokijua Johannesburg ni lile jengo. Nilipofika kutoka Kigoma, binamu yangu aliyenipokea alinipeleka mjini, akanisimamisha kwenye kona na kunionyesha kwa kidole: "Ukipotea, litafute lile. Ukishaliona, umefika." Sikumwuliza ni jengo la nini. Hilo lenyewe ni ajabu, kwa sababu mimi huuliza kila kitu. Mama yangu alizoea kusema kwamba nilizaliwa nikitanguliza mdomo.

Baadaye nikajua kuwa mji mzima hulitumia hivyohivyo. Teksi za kutoka Malvern hushusha watu pale kwenye jengo. Ukinunua simu kwa mtu usiyemjua na unaogopa kutapeliwa, mnakutana kwenye jengo. Hata watoto wetu waliozaliwa huku, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, ukisema "jengo" wanajua unasema lipi, ingawa mji umejaa majengo na mengi yamelipita kwa urefu.

Lenyewe si refu sana. Ni pana. Limekalia mtaa mzima kama mtu mnene aliyekaa katikati ya benchi na hana habari na waliosimama. Ni zege tupu la rangi ya majivu, na madirisha yake yamepangwa safu juu ya safu, yote sawasawa, huwezi kujua lipi lilikuwa la mkubwa na lipi la mfagiaji. Mbele kuna ngazi pana na nguzo za mraba, na juu ya milango kuna duara kubwa lililopauka kuliko ukuta wote. Zamani hapo palikuwa na nembo. Walipoibandua, hakuna aliyejisumbua kupaka rangi. Na kioja chenyewe ni kwamba ukilizunguka hadi nyuma unakuta mbele nyingine: ngazi zilezile, nguzo zilezile, duara lilelile. Nadhani aliyelichora alikuwa na karatasi moja tu, akaona aitumie mara mbili.

Lilijengwa na serikali ya makaburu, hilo kila mtu analijua. Lilikuwa la kazi gani, hapo ndipo watu wanapoachana. Msusi anayefanya kazi kando yangu, mama wa Kikongomani kutoka Lubumbashi, alisema kodi. Muuza mikanda alisema mahakama. Mlinzi wa mlangoni alisema, "Ofisi," kisha akageuza uso. Mteja wangu mmoja, bibi wa Kizulu aliyekuwa akiniletea sketi zake za kanisani, alikuwa akivuka barabara ili asipite chini ya zile nguzo. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba mama yake alisimama pale kwenye foleni, yeye akiwa mgongoni, akitafuta karatasi ya kumruhusu kufanya kazi mjini. Siku ile sikuendelea kuuliza. Yapo maswali ambayo hata mimi huyameza.

Siku hizi ndani zimebaki ofisi chache na ghorofa nyingi ni tupu. Wenye jengo ni sisi wa nje. Mimi ni fundi cherehani: napunguza suruali, nabadilisha zipu, naziba mifuko iliyotoboka. Msusi ana viti vyake vya plastiki na mwavuli. Duka hatuna, tuna jua na kivuli cha jengo. Wakati wa joto tunalikimbia jua; asubuhi tuko upande wa magharibi, mchana tunabeba kila kitu na kuhamia mashariki, na kila mtu ana nafasi yake pande zote mbili. Ukikalia nafasi ya mwenzako utasikia maneno. Baridi ikiingia, mambo yanageuka. Mwezi wa saba huku masikio yanauma, basi sote tunajipanga upande wa kaskazini, unaotazama uwanja wa kuegesha magari, kwa sababu hapo jua halina cha kulizuia. Tunasogea nalo kidogo kidogo, kiti baada ya kiti, kadiri vivuli vya nguzo vinavyotufuata.

Upande wa kusini tunauita friji. Kipindi chote cha baridi jua haligusi hata ngazi moja ya upande ule, na upepo unapita ukipiga mluzi. Hakuna mtu mwenye akili zake anayekanyaga huko, ni njiwa tu.

Ndani ya jengo sikuwahi kuingia, na hili lilininyima raha. Niliwahi kumwomba mlinzi, ambaye ni Mkongomani anayesali kanisa moja na msusi.

"Una shida gani ndani?" akaniuliza.

"Sina shida. Nataka kuona tu."

"Kuona si shida," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mzee alikuja mara ya kwanza baridi ilipoanza, na suruali ya suti kwenye mfuko wa plastiki. Nilimjua ni mtu wa kwetu kwa jinsi alivyosimama akingoja aamkiwe. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitika, "Marahaba, binti yangu," uso ukamchangamka. Ni mtu wa Tabora. Alikuwa mwalimu wa hesabu huku kwa miaka mingi, sasa amestaafu, anaishi Kensington katika chumba cha uani. Alitaka suruali ipunguzwe kiunoni kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amepungua.

Nilipokuwa nikimpima, hakunitazama mimi wala suruali. Alikuwa amekaza macho kwenye lile duara tupu.

"Hili jengo nalijua," akasema.

"Mzee wangu, nani asiyelijua?"

"Hukunielewa. Mimi nililijua kabla sijafika nchi hii."

Nikaweka utepe wa kupimia chini. Maneno kama hayo ukiniambia mimi, kazi imekwisha. Nilimvutia kiti, nikamwambia suruali haikimbii popote.

Akanieleza kwamba alipokuwa kijana serikali ilimpeleka Umoja wa Kisovieti kusomea ujenzi. Alinitajia jina la mji, nikamwomba alirudie, na bado ulimi wangu ulikataa. Katikati ya mji ule palikuwa na jengo la utawala, na jengo lenyewe ni hili. Zege hilihili, madirisha yasiyo na mwisho, nguzo za mraba, mbele mbili. Juu ya milango palikuwa na nyota na nyundo, na siku hizi, alivyoona kwenye picha, pamebaki duara lililopauka.

"Yaani wamelinakili?" nikauliza. "Nani alimwiga mwenzake?"

Mzee akacheka. "Hapo ndipo penye utamu. Wale na hawa walikuwa hawasalimiani. Makaburu hapa walikuwa wakimfunga mtu kwa kushukiwa tu kuwa mkomunisti. Wale nao wakiwafundisha vijana wa huku kushika bunduki. Halafu kila mmoja akaenda kwake kimyakimya, akajenga nyumba moja."

"Kwa nini?"

"Ungependa serikali inayokuogopesha ijenge nini? Nyumba yenye maua?"

Nililifikiria jibu hilo hadi nyumbani Malvern, na nikaota jengo limesimama kwenye theluji. Toka siku hiyo mzee akawa mgeni wetu. Alikuwa akija jua likishapanda, anakaa kati yangu na msusi, tunamwuliza mambo ya kule. Mimi hasa. Nilitaka kujua supu ya kabichi ina ladha gani, watu wanazikaje ardhi ikiwa imeganda, mtu mweusi alikuwa akitazamwaje. Alinijibu yote, hata yasiyomfurahisha. Na alikuwa akijigamba kwamba hili jengo akifungiwa ndani gizani anatoka mwenyewe. "Ukiingia tu, ngazi ziko kushoto. Chini kuna kantini. Na katikati kuna ukumbi unaopita moja kwa moja hadi mlango wa upande wa pili, ndiyo maana wakaweka mbele mbili." Sisi tukimcheka. Msusi akamwambia, "Baba, weye ungekuwa mlinzi, ungetufungulia tujionee."

Siku nilipommalizia suruali ndipo nilipouliza swali nililopaswa kuanza nalo. Suti ilikuwa ya harusi?

"Binti yangu anakuja," akasema.

Sikuwahi kumsikia akitaja mtoto. Msusi aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa.

Kule kule, alisema, alioa. Akazaa binti mmoja. Alipomaliza masomo alitakiwa arudi nyumbani kutumikia taifa, na mkewe hakupewa ruhusa ya kuondoka. Kibali kilikuwa kikiombwa ndani ya jengo lile. Walipanda ngazi zile hadi wakazoeleka. Siku ya safari yake, mkewe alimsindikiza hadi penye zile ngazi, upande wa jua, ambako kila mtu mjini mle hukutana na mwenzake, kina mama na vigari vya watoto na vijana na wachumba wao. Alimbeba binti akiwa amefungwa blanketi, pua tu inaonekana. Mzee akamwambia mkewe, "Nitarudi, tukutane hapahapa." Kisha nchi ile ikavunjika vipande, mitaa ikabadilishwa majina, barua zikawa zinarudi. Mkewe aliolewa, akafariki. Binti alikua. Mwaka uliotangulia binti alimtafuta baba yake mtandaoni, akampata kwa kupitia mtu aliyesoma na mzee. Walikuwa wamezungumza kwa simu mara chache, kwa Kirusi ambacho mzee alisema kimeota kutu mdomoni.

Sasa kazini kwa binti walikuwa wamemtuma kwenye mkutano Sandton. Siku zote angekuwa amefungiwa mkutanoni, isipokuwa asubuhi ya siku ya mwisho. Jioni anapanda ndege.

"Si uende umwone hotelini?" nikamwambia. "Treni ya Sandton ni dakika chache."

"Sandton kuna vioo tu. Nimemwambia tukutane hapa. Nilimtumia picha ya jengo, akacheka mpaka akalia. Hii ndiyo sehemu pekee ya Johannesburg anayoijua, na hajawahi kufika."

Nilimwonea wivu kidogo, nakiri. Kisha nikaogopa kwa niaba yake. Mtu akikwambia ana asubuhi moja tu ya kumwona mwanawe, unaanza kufikiria foleni za magari.

Siku yenyewe ilikuwa baridi lakini anga safi, kama zilivyo nyingi za Julai. Mzee alifika hata sijatoa cherehani kwenye mfuko wake. Suti ilimkaa vizuri, na hilo ni jambo ninalolisema bila aibu. Alikuwa amechukua chupa ya asali ya Tabora aliyoletewa na mtu wa nyumbani. Ilikuwa imeganda kwa baridi, akaniomba aiweke juu ya meza yangu juani ili ilainike. Kila alipopita mwanamke mwenye ngozi ya maji ya kunde alikuwa akiinuka, anajishika goti, anakaa tena.

Asubuhi binti alikuwa amemtumia ujumbe: anatoka hotelini na teksi, wamemwonya asitembee na simu mjini, basi ameiacha chumbani, watakutana upande wa jua kama nyumbani. Msusi alikasirika. "Batu ba Sandton banaogopa mji sawa iko na simba! Sasa akipotea, tutamwita na nini?"

Saa nne walizoahidiana ilifika. Ikapita. Mzee alisema ni foleni. Nilikwenda hadi kwenye roboti, zile taa za barabarani, nikatazama kila teksi. Nilikwenda hadi kona ya mashariki, nikarudi. Nikamwomba muuza mikanda atazame magharibi. Tulimtafuta kama watu tunaolijua jengo letu, yaani tulitafuta kila mahali ambapo mtu huwepo wakati wa baridi.

"Mzee, twende ukalizunguke na wewe," nikasema. "Labda ameshukia mbali."

"Siondoki hapa." Sauti ilikuwa kali, sikuwahi kuisikia. "Niliondoka kwenye ngazi hizi mara moja. Akija akute sipo tena?"

Vivuli vya nguzo vilitufikia, tukasogeza viti. Asali ilianza kulegea pembeni mwa chupa. Mteja alikuja na zipu, nikaishona vibaya, nikaifumua. Saa tano ikapita, ikawa inaelekea sita. Mzee hakuwa akiinuka tena wanawake wakipita. Alikuwa anawatazama miguu tu. Nilitaka kulia na nilitaka kumgombeza mtu, sikujua nani.

"Baba," msusi akamwambia taratibu, "ulimwambia namna gani? Sema vile ulisema."

"Nilimwambia upande wa jua. Kule hata mtoto anapajua. Unasema 'upande wa jua', basi."

Na mimi, kwa kuwa siwezi kuacha, na kwa kuwa niliona ni bora aongee kuliko kunyamaza vile, nikamwuliza, "Kule jua lilikuwa linakaa upande gani?"

"Kule? Kule jua liko..." Akainua mkono kunionyesha, kama walimu wanavyofanya bila kufikiri. Mkono haukuelekea mbele kwenye uwanja wa magari, ambako jua lilikuwa likitupiga usoni. Ulirudi nyuma, juu ya bega lake, ukaelekea ndani ya ukuta wa jengo. "Kusini," akasema. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mungu wangu," akasema. "Kule ni kaskazini ya dunia. Jua linapita kusini. Mtoto kakulia hivyo. Ukimwambia upande wa jua, anatazama ramani, anatafuta kusini."

Mimi nilikuwa bado nahesabu vidole. Msusi alinitangulia. "Mu friji!" akapiga kelele. "Iko mu friji!"

Hata mmoja wetu hakuwa amefikiria kwenda huko. Hatuukumbuki upande ule, ni kama si sehemu ya jengo. Kulizunguka ni mwendo mrefu, na goti la mzee lilishakataa alipojaribu kuinuka mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshakusanya sketi nikimbie mimi, lakini akanishika mkono. "Usiende peke yako. Atamwona mtu asiye baba yake."

Basi msusi akapanda zile ngazi, akamfuata mlinzi mlangoni. Sikusikia yote. Nilisikia Kifaransa, nikasikia jina la Yesu, nikasikia "huyu baba" na "mtoto wake" na "eish, fungua basi!" Mlinzi alimtazama mzee aliyekuwa akipanda ngazi akinishikilia begani, suti imemkaa, chupa ya asali mkononi. Akatoa funguo.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye jengo. Miaka yote nilikuwa nikilingojea hilo, na nilipita ndani yake nikitazama sakafu mzee asiteleze. Lakini macho yangu ni macho yangu, yaliiba. Dari lilikuwa juu sana. Kulikuwa na madirisha madogo ya kaunta kandokando ya ukuta, mengi, kila moja na tundu la kupitishia karatasi, na mbele ya kila moja sakafu imelika ikafanya shimo la kina kidogo, pale watu waliposimama. Nilimkumbuka bibi wa sketi za kanisani. Harufu ilikuwa ya vumbi na maji ya bomba.

Ngazi zilikuwa kulia.

Mzee alisimama, akazitazama. Upande wa kushoto palikuwa na ukuta tu. "Wamekosea," akasema, na kwa dakika hiyo nilimpenda kama baba yangu mzazi. Lakini ukumbi ulikuwepo. Ulipita katikati, mrefu na wa giza, hadi mlango wa vioo wa upande wa pili, na mwanga ulioingia huko ulikuwa wa buluu na baridi, si kama wa kwetu.

Nje ya kioo, katikati ya nguzo mbili, alisimama mwanamke. Alitupa mgongo. Alikuwa amevaa koti jepesi la watu waliosikia kwamba Afrika ni joto, mikono ameiingiza kwapani, anahamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine. Nywele zake ni kama za mzee kabla hazijapungua. Hakuwa akitazama barabara. Alikuwa akitazama juu, kwenye ukingo wa jengo, akingojea kitu.

Mlango ulikuwa na mnyororo na kufuli. Mlinzi akaanza kujaribu funguo, huu hapana, huu hapana. Mzee hakungoja. Alinipa asali, akasogea hadi kioo kikagusa paji lake la uso, akagonga kwa kifundo cha kidole, polepole, kama anayegonga nyumba ya watu.

Mwanamke akageuka.

Sijui walitazamana kwa muda gani. Mlinzi aliacha kutafuta ufunguo, msusi akamchoma kiwiko. Yule binti alikuja hadi kwenye kioo, akaweka kiganja pale palipokuwa na uso wa baba yake. Midomo yake ilikuwa imepauka kwa baridi na ilitamka neno moja, ambalo hatukulisikia na kila mmoja wetu alilielewa. Kufuli lilipofunguka hatimaye, mimi nilikuwa nimegeukia zile kaunta, kwa sababu hata udadisi una mpaka wake, na pia sikutaka mlinzi anione ninavyolia.

Tuliwapitisha ndani ya jengo, tukawatoa upande wetu. Msusi alimkalisha binti kwenye kiti chake kizuri, akamfunika kitenge, akamsugua mikono huku akimsemesha Kiswahili cha Lubumbashi tupu. Binti aliitikia kwa kichwa kila neno. Nilimletea chai kutoka spaza, kiduka cha mtaani. Mzee alifungua asali, ikatiririka vizuri, akamtilia kwenye kikombe. Kirusi chake kilikuwa cha kukwama, anaanza sentensi, anaikatisha, anaonyesha kwa mikono, na wote wawili wanacheka. Binti alimwambia jambo, mzee akatutafsiria kwamba katika maisha yake yote ya theluji hajawahi kupigwa na baridi kama ya Afrika.

Nami nilikuwa na swali, na nilijitahidi, kweli nilijitahidi kulimeza. "Mzee," nikasema, "mwulize. Saa zote zile, kwenye baridi ile, hakuona jua linang'aa kwenye majengo ya ng'ambo? Kwa nini hakuzunguka akatazama upande huu?"

Mzee akamwuliza. Binti alijibu kwa sentensi fupi, akainua mabega, akanywa chai. Mzee aliifunga chupa ya asali, akaifungua, akaifunga tena.

"Anasema aliona. Alidhani likizunguka litamfikia. Anasema alipokuwa mdogo, kila siku yake ya kuzaliwa mama yake alimpeleka kwenye zile ngazi. Wanasimama hata kama kuna mawingu. Mama yake alimkataza kuondoka mahali hapo, baba asije akafika akamkosa. Kwa hiyo anasema leo haikumpa tabu." Sauti yake ikapungua. "Anasema amezoea."

Msusi aligeukia mwavuli wake, akajifanya anaurekebisha. Mimi sikuwa na swali lingine. Labda ndiyo mara pekee.

Kivuli cha nguzo kilikuwa kimefika kwenye miguu yetu. Nilibeba cherehani, msusi akakokota viti, muuza mikanda akakunja turubai lake, tukasogea mbele kidogo kama kawaida. Binti alitutazama, akatazama juu, akaona jua lilipo. Kisha akainuka, akabeba kiti cha baba yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshika mzee, akamsogeza nasi. Hakuna aliyekuwa amemwambia.